Mfuko Mtupu wa Kwenda Mtae

Basi lilipoacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, mdogo wangu aliliinua begi langu kutoka miguuni, akalipima kwa mkono.

"Dada, ndilo hili tu?"

Ndilo hilo tu. Tulikuwa tunakwenda kukaa siku sita katika milima ya Usambara, na kila mmoja wetu alikuwa na begi la mgongoni analoweza kulipakata. La kwangu nilikuwa nimelipima siku iliyotangulia kwenye mizani ya mashine ya kusaga, pale wanapopimia magunia ya mahindi mtaani kwetu. Kilo 5 na nusu. Chini kabisa, chini ya nguo, nilikuwa nimeweka mfuko mkubwa uliokunjwa ukawa kama daftari, ule wa mirabaraba ambao Tanzania tunauita shangazi kaja. Ulikuwa mtupu, na ndio niliouthamini kuliko vyote nilivyobeba.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na karibu zote ni kona. Upande huu mwamba, upande ule bonde. Joto linabaki chini na mashamba ya mkonge, masikio yanaziba, na ukifika mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta hata kama ni Januari. Wajerumani waliupenda ubaridi huo wakauita mji Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Wenyeji walibaki na Lushoto yao.

Safari yangu ya kwanza huko ilikuwa Julai 2017. Nilikwenda na sanduku la magurudumu ambalo konda alilitoza nauli yake peke yake. Ndani mlikuwa na suruali nne za jinzi, viatu jozi tano, magauni mawili ya kutokea, shuka, taulo nene na pasi. Hakuna aliyenilazimisha. Nimekulia katika nyumba ambayo mtu hasafiri mpaka mama akague sanduku na kuuliza, "Wakikuona na gauni hilo hilo siku mbili, watatusemaje?" Mama hakuwa na ubaya. Alitukinga tusiaibike ugenini, kama mama yake alivyomkinga yeye. Lakini swali lile ndilo linalojaza masanduku yetu, kuliko baridi, kuliko mvua, kuliko urefu wa safari.

Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, mwishoni kabisa mwa Usambara Magharibi upande wa kaskazini. Siku ya mbingu safi, ukisimama ukingoni unaiona tambarare ya Mkomazi imelala chini yako. Siku niliyofika mimi sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umefunika kila mahali, na manyunyu yalikuwa yameifanya njia kuwa utelezi mtupu. Nyumba niliyopangiwa kulala ilikuwa mbali na kituo cha basi, na njia ya kwenda huko ni ya miguu. Gurudumu moja lilikatika kabla sijamaliza hatua mia. Nikaanza kulikokota sanduku kwenye matope.

Akatokea bibi mmoja, jembe begani, anatoka shamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Waenda wapi na ukungu huu?"

Nilipomwambia, alinikabidhi jembe. Akavua kanga ya mabegani, akaisokota ngata, akaituliza kichwani kwa viganja viwili. Kisha akainama. Nilimshika mkono nikamkatalia. Akaniambia kwa upole, "Wewe mgeni. Mgeni hatelezi sisi tukimtazama." Akalipandisha lile sanduku kichwani kwa pumzi moja na kutangulia, miguuni yeboyebo, shingo imenyooka, mkono mmoja tu ukiligusa pembeni. Tulitembea karibu nusu saa. Mimi nyuma na jembe, naziangalia nyayo zake asiteleze.

Usiku nilipolifungua sanduku nilikaa chini. Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usiku ule methali hiyo ilinikaa kooni. Mzigo wangu haukuwa usufi, na yeye aliubeba. Katika sanduku zima hamkuwa na kitu kimoja cha kumpa mtu: si sukari, si mche wa sabuni, si doti ya kanga. Vyote vilikuwa vyangu, na katika siku nne nilivaa sweta, gauni moja na kandambili. Jinzi niliyoifua siku ya pili ilirudi Dar es Salaam mbichi, imeanza kunuka.

Karne ya 19, wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara walibeba ratili 60 hadi 70 kila mmoja, yaani kilo 27 hadi 32, pamoja na mkeka wao na posho yao. Vitambaa na shanga kwenda, pembe za ndovu kurudi. Ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa na ujira, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kuijua na kuitetea. Bibi yule hakuwa pagazi wangu. Nilipojaribu kumpa pesa alizikataa.

Toka siku hiyo nafunga mzigo kwa namna nyingine. Navitandaza vitu vyote kitandani, na kila kimoja nakiuliza nitakitumia siku ngapi. Cha siku moja kinabaki. Safari hii nilibeba magauni mawili ya kitambaa chepesi, suruali moja ya kutembelea, sweta, koti la mvua, nguo za ndani za siku tatu, soksi jozi mbili, raba nilizovaa miguuni na kandambili begini. Kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche, mswaki, dawa, tochi. Na doti ya kanga yangu mwenyewe, kwa sababu bado sijaona kitu cha msafiri kinachoifikia kanga. Ni taulo, ni shuka, ni mtandio, ni pazia dirishani. Zamani tulitenganisha nguo kwa mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, mimi nafunga nguo safi katika kanga moja na nguo chafu katika ya pili.

Lushoto tulilala usiku mmoja, asubuhi tukaanza kutembea. Kijana aliyetuongoza alikuwa na koti la mvua, chupa ya maji na mahindi mawili ya kuchoma. Aliyaangalia mabegi yetu, akasema tu, "Tutafika mapema." Tulipita msitu wa Magamba, mbega wakiruka juu yetu na mikia yao yenye ncha nyeupe, tukatokea Lukozi kwenye makabichi na karoti zinazojaza malori ya kwenda Dar es Salaam. Siku ya pili tulifika Rangwi, kwa watawa wa Kikatoliki wanaopokea wageni.

Pale Rangwi nilimwonyesha mdogo wangu jambo moja. Alikuwa amefua gauni lake na alihofia halitakauka, na kweli milimani nguo haikauki kwa kuanikwa tu. Nikatandaza kanga kavu juu ya mkeka, nikalilaza gauni lililokwisha kukamuliwa, nikaviviringisha pamoja mpaka vikawa kama gogo. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukasokota huku na huku kwa nguvu zetu zote. Maji yakahamia kwenye kanga. Tuliliwamba gauni kwenye kiti, na alfajiri lilikuwa linavalika. Mtu mwenye uhakika wa kufua na kukausha hahitaji nguo saba kwa siku saba.

Siku ya tatu mchana tukafika Mtae, mbingu safi, Mkomazi yote chini yetu. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi. Alikuwa anachambua maharage uani. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura.

"Na lile sanduku?"

"Nilimpa jirani aliyekuwa anaolewa, bibi."

"Umefanya vyema. Lilikuwa zito."

Miaka yote ile hakuwa ameniambia lilikuwa zito. Nikatoa doti niliyomletea, kitu cha kwanza nilichokitenga nilipokuwa nafunga, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Aliinusa kwanza, ile harufu ya kanga mpya, kisha akanipa niisome jina kwa sababu macho yamepungua. Wema hauozi. Akanirudishia ncha moja niishike, tukaikata katikati, upande mmoja akajifunga hapo hapo juu ya ile iliyochakaa.

Asubuhi ya kuondoka nilikunjua shangazi kaja. Bibi alijua kazi yake mara moja. Akatia viazi, akatia karoti zikiwa na majani, akatia maharage yaliyofungwa kwenye kitambaa, akanitazama kuona kama nitasema basi. Sikusema. Nafasi ilikuwapo. Nimewahi kuwaona watu wakikataa zawadi stendi kwa sababu mabegi yamejaa viatu, na anayekataliwa hubaki na ndizi zake mkononi, anatabasamu huku amevunjika moyo. Kwetu anayetoka safari huulizwa ametuletea nini. Wengine huona swali hilo ni adha. Mimi naona ni haki, kwa sababu waliobaki nyumbani nao wamesafiri kidogo pamoja nawe, na wanachoonja ndicho kipande chao cha safari.

Basi la alfajiri lilitushusha Lushoto, tukaunganisha. Soni tukanunua matunda damu sado mbili, mekundu, bado na umande. Nilikaa nayo mapajani mpaka Segera, kisha dirishani mpaka Mbezi, ili joto lisiyapige.

Shangazi yangu wa Temeke ndiye aliyeyapata kwanza. Alikula moja amesimama mlangoni, akafuta mdomo kwa kanga, akawaita watoto wa nyumba ya pili. Kesho yake nilirudi kwenye mizani ya mashineni, nikapima begi na kilichosalia kwenye mfuko kabla sijagawa viazi na maharage. Begi langu kilo 5. Shangazi kaja, kilo 16.

Ukienda Lushoto Januari, iache nyumbani ile jozi ya pili ya viatu. Mahali pake sado moja ya matunda damu inaenea, na huko Soni wanauza barabarani.