Urithi wa Nukta

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini ipo mali ambayo daftari lake lenyewe huzeeka, na anayelihamisha asipokuwa mwangalifu huipoteza huku akidhani anaihifadhi. Nusura hayo yamfike kijana mmoja wa Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi, mahali palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994.

Baba yake, mchora vibao wa Bukavu, alifariki kabla ya safari. Alichoacha ni diski laini moja, ambayo mama aliibeba ndani ya kopo la maziwa mpaka Malawi. Ndani yake mlikuwa na picha ndogo 24 za kufundishia watoto: chungu, jembe, ngoma, mtumbwi na nyinginezo. Marehemu alizichora mwaka 1998, nukta baada ya nukta, 128 kwa upana na 128 kwa urefu. Kando ya kila kitu alipaka rangi ya waridi kali, ili programu ya masomo itambue kwamba hapo pasionekane kitu. Kwani picha za namna ile, ziitwazo BMP, kwa kawaida hazikuwa na njia ya kuonyesha uwazi.

Mama hufundisha watoto wadogo, na kijana alitaka picha hizo ziingie katika ukurasa wa intaneti ambao wazazi wangeufungua kwa simu. Akapata kibali, akapanda minibasi hadi Kanengo, kaskazini mwa jiji la Lilongwe, penye viwanda na maghala ya tumbaku. Huko fundi mmoja alikuwa bado na chombo cha kusoma diski za zamani. Fundi hakugusa picha hata moja kabla ya kunakili diski nzima.

"Mdogo wangu," alisema, "nakala kwanza, kazi baadaye."

BMP ya namna hii huandika rangi ya kila nukta kwa baiti tatu, pasipo kubana chochote. Picha moja ilikuwa na baiti 49,206. Zote 24 zilifika 1,180,944. Kwa mzazi anunuaye intaneti kidogo kidogo, huo ni mzigo. Basi kijana akachagua WebP, namna ya picha iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2010. Alizibana kwa nguvu zote, akafurahi jinsi zilivyopungua, akafuta zile za zamani katika kompyuta yake.

Jioni mama alizitazama. "Mwanangu, chungu cha baba yako hakikuwa na ukungu."

Ilikuwa kweli. Kingo zilififia, na waridi ilikuwa imepenya ndani ya udongo wa chungu. Kijana akaikimbilia diski. Lakini diski ilikuwa imechoka, haikusomeka tena.

Kosa lake lilikuwa hili: WebP ina njia mbili. Ya kwanza hutupa yale ambayo jicho hudhaniwa halitayakosa, hata rangi hupunguzwa kwa nusu kwa upana na kwa urefu. Njia hiyo yafaa picha za watu na milima, wala si michoro yenye kingo kali. Ya pili haitupi kitu. Panapojirudia rangi ileile, hukumbuka marudio badala ya kuandika kila nukta upya, na picha ifunguliwapo kila nukta hurudi mahali pake.

Siku ya nne, baada ya kibali kingine, kijana alirudi Kanengo. Nakala ya fundi ilikuwa salama. Safari hii aliigeuza waridi kuwa uwazi kwanza, kisha akabana kwa njia ya pili. Kwa kuwa michoro ilikuwa na rangi chache, picha hazikufikia hata sehemu ya kumi ya uzito wa awali.

Mama alikitazama chungu kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye nukta moja iliyotoka nje ya ukingo. "Hapa alikosea," alisema. "Nilimwambia, naye akasema liache."

Hapana shaka katika nyumba nyingi, na katika makambi ya askari pia, mna picha za zamani zinazongoja kuhamishwa. Zibanwe nakala tu; asili zikae mahali pawili, zisifutwe. Sasa hata ile diski isiyosomeka imerudishwa ndani ya kopo lake.