Matema: Ziwa, Nyavu na Ubishi wa Kocha

Msomaji wangu, kama hujafika Matema, jipange. Unashuka Kyela, joto linakupokea, unatafuta gari la kupitia Ipinda. Njia nzima ni mpunga, kokoa na migomba, halafu hilo hapo Ziwa Nyasa, na Milima ya Livingstone imesimama pembeni.

Nilifika Novemba 2024 na mchumba wangu, eti tupumzike. Ufukweni wavuvi walikuwa wanashona nyavu huku wanabishana: Yanga kumtimua Gamondi, sawa au si sawa?

“Kafungwa na Azam, Tabora United nao wakampiga tatu. Aende!” alisema kijana mmoja.

Mzee akaweka wavu chini. “Mwanangu, msimu uliopita katupa ubingwa. Mechi mbili tu ndiyo umfukuze? Na mkeo akiunguza wali mara mbili, utamrudisha kwao?”

Watu wakacheka. Sisi wawili tukaangalia maji. Wiki ile tulikuwa tumenuniana, na neno kuachana nilikuwa nimeshalitamka mimi.

Kilichofuata unakijua. Kocha mpya, Ramovic, aliondoka Februari 2025, hata miezi mitatu hajafikisha. Ubingwa wa 2024/25 Yanga waliuchukua wakiwa na mwingine, Miloud Hamdi. Kwa hiyo kijana ana lake la kusema, na mzee ana lake.

Mimi nilimsikiliza mzee. Jioni ile tulikula samaki wa kuchoma sahani moja, na neno lile sijalirudia.