Profesa wa moyo

Juzi nilipewa kuandika makala kuhusu Profesa Bongani Mayosi, daktari bingwa wa moyo wa Afrika Kusini. Wasifu wake unatoa jasho! Alizaliwa mwaka 1967, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Natal, akachukua uzamivu Oxford. Akachunguza kifua kikuu kinachoshambulia utando wa moyo, maradhi ya maskini. Mwaka 2006 akawa mkuu wa idara ya tiba Chuo Kikuu cha Cape Town, na 2016 mkuu wa kitivo cha afya, wakati wanafunzi wakiandamana kupinga ada.

Julai 2018 alikatisha maisha yake. Familia ilisema wazi kwamba alikuwa na sonona.

Niliacha kuhesabu shahada, nikampigia kaka yangu anayesomea uzamivu. Siku zote namuuliza, "Bro, unamaliza lini?" Safari hii nikamuuliza kama analala usingizi. Akanyamaza. Halafu tukaongea mpaka salio likakata.

Makala bado sijamaliza. Mhariri atanisamehe. Wewe je, nani hujampigia?