Baiti 20

Kila usiku saa nane, seva yetu pale Kangeta ilitengeneza faili jipya. Lilikuwa na jina, lina tarehe, kila kitu. Kwa siku 19 mfululizo kila faili lilikuwa na baiti 20, na mimi niliyeipanga hiyo kazi sikuwahi kuangalia uzito.

Nilikuwa nimeajiriwa na chama cha akiba cha wakulima wa miraa, jina sitalitaja. Miraa haingoji mtu: inachumwa asubuhi, inafungwa kwa majani ya mgomba, gari linakimbia Nairobi kabla haijanyauka. Malipo nayo ni ya kila siku. Yote yalikaa ndani ya PostgreSQL, kwenye kompyuta moja ya Linux chini ya meza ya karani.

Mahitaji ya programu ya nakala za akiba niliyasoma vile watu husoma masharti ya mkopo wa simu. Memori? Ipo. Nafasi kwenye diski? Tele. Mfumo wa jamii ya Unix? Ndiyo. Mstari mmoja ulisema pg_dump, chombo kinachotoa data nje, kisiwe cha toleo la zamani kuliko seva. Kikiwa cha zamani kitakataa kazi. Nikasema sawa. Miezi baadaye nikapandisha seva toleo jipya, lakini skripti yangu ikaendelea kuita kile chombo cha zamani.

Kikakataa, kama kilivyoahidi. Shida ni kwamba nilikuwa nimekiunganisha na gzip ya kubana faili, na gzip isipopewa kitu hubana hewa: baiti 20 safi. Shell yenyewe humuuliza wa mwisho kwenye mstari tu kama amemaliza salama. Gzip akajibu ndiyo.

Jumanne moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikafa.

Baadaye nilisoma kwamba GitLab, watu wanaoishi kwa kazi hii, yaliwakuta hayohayo Januari 2017: pg_dump ya 9.2 mbele ya hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya zikakataliwa njiani. Waliyaeleza wenyewe hadharani. Ilinifariji kama dakika mbili hivi.

Meneja hakunifokea, na heri angefoka. Jumapili ikatangazwa kanisani: mwenye daftari alilete. Wakaja na vitabu vya mazoezi vya watoto, risiti ndani ya mifuko ya sukari, mzee mmoja na kalenda ya ukutani iliyojaa tarakimu. Wengine hawakuwa na kitu. Hao tulielewana kwa mdomo, na wawili hadi leo hunipita barabarani bila salamu.

Jioni mama mmoja alikuwa bado kwenye foleni. Daftari lake lilikuwa na kila siku ya zile 19, hata siku ambazo hakuuza: aliandika "mvua".

"Mama, niachie tu, kesho nitakurudishia."

Akalivuta kifuani.

"Zi, kijana wangu. Ile ingine si uliniambia pia iko salama? Andika nikiwa hapa."

Nikampisha kiti changu, nikaandika nimesimama, tukianza na Alhamisi ya kwanza.