Kiko cha Marehemu Baba

Mwaka 1957 karani mmoja kijana alihamishiwa Garissa, na katika sanduku lake mlikuwamo kiko cha mti alichorithi kwa marehemu baba yake. Kukivuta alijaribu, kukitunza hakujua. Jioni moja, kiko kingali na moto, alitwaa kisu akaanza kuukwangua ukoko mweusi wa ndani, ili kionekane kipya.

Askari mstaafu aliyeketi naye barazani akamshika mkono.

“La, mwanangu. Kwanza kipoe, kwani mrija ukichomolewa ungali na moto huvunjika. Kisha uuzungushe taratibu utoke, upitishe unyoya wa kuku ndani yake, na bakuli ulipanguse kwa kitambaa kikavu. Usilioshe kwa maji. Ukoko ukizidi unene wa sarafu, upunguze. Usiumalize, maana ndio ngao ya mti usiungue.”

“Nami nilidhani ni uchafu, mzee.”

“Ni miaka ya baba yako hiyo.”

Kijana akatazama ndani. Upande mmoja ulikuwa umekwisha kukwanguliwa. Akaweka kisu chini, akakiacha kiko kipoe. Tangu siku hiyo, kila alipokivuta, alikisafisha hivyo na kukipumzisha siku nzima, hata ukoko mpya ukaungana na ule wa zamani.