Aliyekaa Nyuma

Kila Mkenya anamjua Wangari Maathai. Wanaomjua Reinhold Hofmann ni wachache.

Mapema mwaka 1966 Maathai alirudi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia na ahadi ya kazi katika chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika kuripoti aliambiwa nafasi yake imepewa mtu mwingine. Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, ndiye aliyempa kazi ya usaidizi. Mwaka uliofuata akamhimiza aende Ujerumani kuendelea na masomo. Mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Kufikia 1976 alikuwa anaiongoza idara ile ile. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 tunaikumbuka sote. Ule mlango uliofunguliwa 1966 hautajwi sana.

Nimemkumbuka Hofmann kwa sababu ya kazi ndogo niliyopata hapa Bungoma. Kamati ya kumuaga mhadhiri mmoja anayestaafu ilitaka mtu wa kuandika wasifu wake, ukurasa mmoja, shilingi elfu tatu kwa M-Pesa. Walinitumia karatasi zake, kurasa sita: makala, makongamano, kamati alizokalia. Nilizisoma mara mbili nikitafuta jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona kwa macho. Halikuwemo.

Jambo lenyewe ni hili. Nikiwa mwaka wa pili tulipewa mhadhiri kijana, msaidizi, ndiyo ameanza kazi. Alikuwa anafungua kompyuta, anasoma yaliyo ukutani, anafunga, anaenda. Makomredi wakamwita Redio, maana hata ukiinua mkono yeye anaendelea tu. Alhamisi moja Madam, huyu anayestaafu, aliingia akakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha lililovunjika kioo, daftari gotini. Hakusema neno. Sisi tukajua kijana wa watu anafutwa.

Alhamisi iliyofuata akaja tena. Na nyingine. Kipindi kikiisha walikuwa wanasimama wawili chini ya mkaratusi, Redio akiandika. Siku moja nilikuwa nimekaa hapo karibu na mandazi yangu, nikawasikia.

"Mwalimu, leo umeuliza maswali sita. Matano umeyajibu mwenyewe."

"Muda hautoshi, Madam."

"Basi uliza moja, halafu unyamaze. Kimya hakiui mtu."

Kisha akamwambia aje kwake Jumatatu. Redio akaja kweli, akakaa nyuma yetu kama mwanafunzi. Siku hiyo mmoja wetu alimuuliza Madam swali gumu, naye akajibu mbele ya watu wote, "Hilo silijui. Nipeni hadi wiki ijayo." Wiki iliyofuata alianza na hilo. Redio alikuwepo, na nadhani hapo ndipo alipopata kitu ambacho hakuna semina ingempa.

Wiki chache baadaye Redio aliuliza swali akanyamaza. Tulikaa kimya mpaka tukasikia kuku wa jikoni huko nje. Mwishowe msichana mmoja wa Webuye akajibu, na darasa likafunguka. Insha zetu nazo zikaanza kurudi na maswali pembeni. Kwenye yangu aliandika: "Nani anasema hivi? Wewe ama kitabu?" Swali hilo ndilo linanilisha mpaka leo.

Mwaka wa tatu mahindi ya baba yalikosa bei, karo ikakwama, nikatoka. Kwa hivyo mimi siko kwenye hesabu ya mtu yeyote. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014, vya kuajiri na kupandisha wahadhiri vyeo, vilihesabu machapisho, na vilihesabu wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia mpaka wakahitimu. Ni sawa, hayo yana karatasi. Lakini Alhamisi ya kiti cha nyuma haina karatasi. Matunda yake yanaonekana kwa mtu mwingine, tena baada ya miaka.

Si kwamba hatujui kusherehekea walimu. Machi 2019 Peter Tabichi wa Keriko, Nakuru, aliposhinda ile tuzo ya dola milioni moja kule Dubai, nchi nzima ilifurahi, na alistahili. Chanda chema huvikwa pete. Shida ni kwamba anayelea walimu wenzake ni kiganja, na kiganja hakivikwi pete. Jarida la *Nature* lilijaribu kutibu hilo: tangu 2005 linawatuza wanasayansi waliolea wenzao, na wanaopendekeza majina ni wale waliolelewa. Hapo ndipo penye busara. Mlezi hawezi kujiandika.

Nikaandika aya moja kuhusu kile kiti. Jioni mtu wa kamati akanipigia.

"Kijana, hiyo aya uitoe. Unamwaibisha Daktari wetu. Watu watajua alikuwa hawezi kufundisha."

Maana Redio sasa ni Daktari. Na mwenye kupiga simu alikuwa na hoja, siwezi kukataa. Ukimsifu aliyeinua, unasema pia kuna aliyekuwa chini. Ndiyo maana sifa hizi hubaki mdomoni, chini ya miti. Maathai angeweza kuruka ile sehemu ya 1966 alipokuwa mtu aliyenyimwa kazi, lakini alimtaja Hofmann katika kitabu chake.

Sikuitoa. Nilimpigia Redio mwenyewe, nikamsomea. Alinyamaza, kimya kirefu, kama nilivyomzoea.

"Iache," akasema. "Na uweke jina langu."

Liko kwenye karatasi ya kamati. Hapa namwachia lakabu.

Kama chuo chenu kinapanga kumtuza mlezi, plaki inaweza kungoja. Waulizeni kwanza wahadhiri wachanga, kila mmoja peke yake: nani aliwahi kukaa darasani mwako bila kuandika ripoti kwa mkuu? Nani alikuruhusu uone akishindwa? Waulizeni na waliokuwa kwenye madawati, hata sisi tulioondoka bila joho. Halafu mumpunguzie huyo mtu kipindi kimoja kwa wiki, ili Alhamisi yake iwe kazi, isiwe hisani.

Aya ilisomwa. Madam alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Redio.

"Yule mgeni wenu wa Septemba, nani anakaa nyuma kwake?"

"Mimi, Madam," Redio akasema. "Lakini sijaanza kumwalika kwangu."

"Mwalike," akasema Madam.