Wikiendi ya "Huna Ruhusa"

Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Sikuumwa, sijapata disko, wala sijaoa kama alivyoenda kutangaza mtu fulani pale kafteria (najua ni wewe, na unajua kwamba najua). Nilikuwa nimefungiwa mlango siku tatu mfululizo, na si mlango wa chumba. Ni ule unaoandika kwa maandishi mekundu kwamba wewe, pamoja na jina lako na namba yako ndefu, huna ruhusa ya kufanya unachotaka kufanya.

Ngoja nianze mwanzo.

Maabara yetu mnaijua. Kompyuta zinazowaka zinahesabika, na zinazowaka zenyewe zinapumua kama mzee anayepanda mlima. Mwaka wa pili wana somo la ramani, na programu yake inataka Windows na memori ya kutosha. Laptopu za wengi haziwezi. Dokta wetu akaja na wazo: kompyuta za wingu. Yaani kompyuta yenyewe haipo mezani kwako, iko kwenye jengo la watu huko Johannesburg, wewe unaletewa picha yake kwenye skrini na unatuma mibofyo ya mausi. Laptopu yako hata ikiwa kimeo, kazi ngumu inafanyika kule. Chombo chenyewe ni Azure Virtual Desktop. Kazi ya kukisimamisha nikapewa mimi iwe ndiyo projekti yangu ya mwaka wa mwisho, na nikaikubali mbele za watu huku natabasamu kama bwana harusi.

Mtihani wa vitendo ulikuwa uanze Jumatatu saa mbili asubuhi, kundi la kwanza watu 14, halafu makundi mengine wiki nzima mpaka usiku. Katika hao 14 kuna dada mmoja ambaye testi ya kwanza ilimwendea vibaya, na laptopu yake ya kuazima ina memori ya gigabaiti 4. Kila nikipita kwenye vimbweta ananiuliza, "Kaka, zile kompyuta zako tayari?" Mimi namjibu, "Bado kidogo tu dada." Hilo "bado kidogo" nililisema Jumatano, nikalisema Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nikaanza. Kosa la kwanza lilikuwa langu kabisa: nilifuata mwongozo wa zamani. Hiki kitu kilitoka rasmi Septemba 2019 kikiitwa Windows Virtual Desktop, na toleo lile la kwanza lilikuwa na taratibu zake za ajabu, mpaka ukajipe cheo kinachoitwa TenantCreator. Mwaka 2020 wakabadilisha mpango mzima, mwaka 2021 wakabadilisha na jina. Mimi nikatumia saa mbili natafuta cheo cha enzi hizo. Ukikuta mwongozo unaongelea TenantCreator, funga, kanywe chai.

Nikarudi kwenye njia ya sasa, nikajaza fomu, nikabofya. Nyekundu! Akaunti ya malipo haijasajiliwa kutumia Microsoft.DesktopVirtualization, na mimi sina ruhusa ya kuisajili. Nikarefresh. Nikajaribu tena. (Sote tunafanya hivi, tusidanganyane, kana kwamba kompyuta itatuonea huruma mara ya tano.)

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kuusoma ule ujumbe badala ya kuuogopa. Ukiondoa makelele, una vitu vitatu tu: ni nani aliyeomba, ameomba kufanya nini, na kwenye eneo gani. Mimi nilikuwa nimepewa cheo cha Contributor, lakini kwenye kapu moja tu, lile kundi la rasilimali tulilotengewa kwa projekti. Usajili unafanyika juu, kwenye akaunti nzima ya malipo. Ni sawa na kupewa funguo za chumba namba 12 halafu unahangaika kuwasha mita ya umeme ya hosteli nzima. Mlinzi hana kosa.

Nikaenda ofisi ya watu wa mifumo. Yule bwana nilimkuta anakula muhogo wa kuchoma, akanisikiliza vizuri, akafuta mikono. "Kijana, mimi hapa ndiye Global Administrator. Juu yangu hakuna mtu." Akabofya. Nyekundu! Akabofya tena. Jamani, ile sura... Mimi nikaangalia dirishani kwa heshima.

Kumbe ni hivi, na hili liliniumiza kichwa mpaka nikalielewa. Kuna falme mbili. Ufalme wa kwanza ni wa watu: akaunti, nywila, makundi, ule uliokuwa unaitwa Azure AD na tangu 2023 unaitwa Entra ID. Global Administrator ndiye mfalme wa huko. Ufalme wa pili ni wa mali: mashine, diski, mitandao, bili. Huko mkubwa ni Owner, yaani mwenye mali. Mfalme wa watu si lazima awe na hata kijiko kwenye ufalme wa mali. Na mwenye mali wetu pekee alikuwa mzee mmoja aliyestaafu, akaunti yake ikafungwa kama utaratibu unavyotaka. Yaani nyumba ipo, wapangaji wapo, bili inalipwa, mwenye nyumba hayupo.

Dawa yake ipo. Kwenye ukurasa wa sifa za Entra ID kuna swichi ya kusimamia ruhusa za rasilimali za Azure. Global Administrator akiiwasha, anapata cheo cha User Access Administrator kuanzia kwenye mzizi kabisa, juu ya akaunti zote. Anatoka, anaingia upya, anajipa Owner kwenye ile akaunti ya malipo, kisha anaizima swichi, maana si kitu cha kuacha wazi. Tulisoma maelezo pamoja, yeye ndiye aliyebofya. Akasajili lile jina refu. Kijani. Akanipa kipande cha muhogo.

Halafu akaniambia, "Sasa ili usinisumbue wikiendi, nikupe Owner ya yote umalize?"

Wadau, nilitamani. Nilikuwa nimechoka, na neno moja tu "ndiyo" lingenimalizia matatizo yote. Lakini kwenye orodha iliyokuwa mbele yetu, ndani ya akaunti ile ile ya malipo, niliona kapu jingine, na jina lake lilionyesha wazi kwamba ni seva ya matokeo ya mitihani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ikitokea alama ya mtu mmoja imebadilika, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kosa la mwingine kabisa, wa kwanza kuitwa ni nani? Nikamwambia, "Hapana mzee, nipe kwenye kapu langu tu." Akaniangalia kidogo. "Haya." Nilipomsimulia rumu meti alicheka mpaka akakaa chini. "Mjinga wewe, ungejipa A ya mekanika, ukanipa na mimi B, ukamrudishia funguo zake."

Jumamosi ilienda haraka. Mashine nne zikasimama. Nilipotaka kuwapa wanafunzi ruhusa ya kuzitumia, nyekundu tena, safari hii neno lenyewe ni Microsoft.Authorization/roleAssignments/write. Contributor anaweza kujenga, kubomoa, kuwasha na kuzima, lakini hawezi kumpa mtu mwingine cheo. Nikampigia mzee simu, akaniongezea cheo cha kugawa ruhusa ndani ya kapu langu tu, kile kinachoitwa Role Based Access Control Administrator. Ikagoma! Nikataka kulia. Kumbe ruhusa mpya inaweza kuchukua hata dakika 10 kufika. Nikaenda kununua chipsi mayai, nikarudi, nikaingia upya, ikakubali. Nikawapa kundi zima la wanafunzi Desktop Virtualization User. Nikaingia mwenyewe, programu ya ramani ikafunguka, nikamtumia Dokta picha ya skrini na maneno "Iko tayari Dokta." Nikalala kama mtu aliyelipwa bumu.

Jumapili mchana nikawaita watatu waje kujaribu, yule dada akiwemo. Wanaona alama ya kompyuta kwenye skrini, vizuri kabisa. Wanabofya, wanaweka nywila, halafu wanaambiwa akaunti yako imewekwa kukuzuia kutumia kifaa hiki. Wote watatu. Mimi nikiingia, naingia. Wao wanagoma. Yule dada hakusema kitu, akafunga laptopu taratibu. Hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Saa nzima nilihangaika na nywila zao, mpaka nikajiuliza: mimi nina nini ambacho wao hawana? Jibu nilikuwa nalo mwenyewe. Kuruhusiwa kuiona kompyuta ni ruhusa moja, kuruhusiwa kuingia ndani ya mashine ni nyingine. Mashine zikiwa zimeungwa na Entra ID, kila mtumiaji anahitaji pia Virtual Machine User Login. Jumamosi usiku, wakati najaribu jaribu, nilijipa mimi cheo cha kuingia kwa majina yangu, halafu nikasahau kwamba nilijipa. Kwa hiyo nilipojipima, nilipima mtu mwenye upendeleo. Nikalipa cheo hicho kundi lote la wanafunzi, tukasubiri zile dakika. Yule dada alikuwa wa kwanza kuingia. "Ee, inaenda kasi," ndiyo maneno yake yote.

Mngedhani hapo nimemaliza.

Pesa zetu ni za kubana, na mashine ikiwa imewaka inakula hela hata kama hakuna mtu. Sharti la Dokta lilikuwa: zilale zenyewe, na mwanafunzi akija ziamke zenyewe. Kuna kitu cha kufanya hivyo, Start VM on Connect. Nilikiwasha mapema nikajiona mjanja. Jumapili jioni nikazima mashine zote, nikabofya kama mwanafunzi. Kimya. Zimelala fofofo.

Hapa anayenyimwa ruhusa si mtu, ni huduma yenyewe. Kwenye orodha ina jina kama mtumishi: Azure Virtual Desktop. Ili iweze kuziwasha mashine zako lazima iwe na Desktop Virtualization Power On Contributor. Mimi niliipa! Lakini niliipa kwenye kapu langu, na maelezo yanasema waziwazi kwamba ni lazima iwe kwenye akaunti nzima ya malipo, ukiipa chini ya hapo haifanyi kazi vizuri. Na huko juu sina ruhusa, kwa sababu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, Ijumaa nilikataa. Rumu meti akanikumbusha. Mara tatu.

Akanishauri pia niamke saa kumi na mbili niziwashe kwa mkono. Hilo ningeweza, Contributor anaruhusiwa. Lakini makundi ni ya wiki nzima mpaka usiku, mimi Jumatatu asubuhi nina testi yangu na simu tunaziacha nje, na umeme wa hosteli yetu mnaujua tabia. Nikampigia mzee. Hapokei. Nikapiga tena. Saa tatu usiku akapokea, nyuma yake muziki na mshereheshaji anaita upande wa mama wa bibi harusi waje na zawadi. Yuko kwenye sendofu ya mpwa wake.

"Mzee shikamoo, samahani sana, ni ruhusa moja tu."

"Marahaba. Kijana, si nilikwambia?"

"Ulinambia mzee."

Akatoka nje. Kwa kivinjari cha simu, nikimsomea hatua moja moja, yeye akipaaza sauti "hapa pameandikwa nini sijui," tukafika. Akahifadhi. Kabla hajakata akasema, "Lakini ulifanya vizuri kukataa. Na mimi Jumatatu ile Owner yangu naigawa na mwenzangu, tusije tukarudi kulekule kwa yule mstaafu." Akarudi kucheza.

Saa nne kasoro nikabofya. Kimya. Nikahesabu dakika kumi kwenye saa ya ukutani, sikugusa kitu. Nikabofya tena. Ikasema inawasha. Mimi na rumu meti tumeinama kwenye skrini moja kama tunaangalia penati. Dakika kadhaa hivi, halafu eneo-kazi la Windows hilo hapo, bluu, zuri, limetoka Johannesburg mpaka hosteli isiyo na maji.

Jumatatu nilifanya testi yangu (tusiiongelee). Nilipotoka saa tatu na nusu nikakimbia maabara. Watu 13 walikuwa wanafanya kazi. Mmoja alikuwa nje ya mlango ameshika kichwa, kasahau nywila yake, na huyo ruhusa hakukosa. Yule dada alikuwa kona ya nyuma na laptopu yake ya kuazima, anachora mipaka ya kata zake, hakunyanyua uso kunisalimia. Nilifurahi hakunisalimia.

Zimebaki sura mbili za ripoti na bando linaishia. Mwenye chaja ya laptopu yenye pini nene anitafute, yangu imekufa usiku wa Jumapili, katikati ya zile dakika kumi.